Je, Wajua? Sauti ya Opera Ndani ya Jazi

Je, wajua kwamba mwaka 2014 albamu iliyogharimiwa na mashabiki wenyewe ilizoa tuzo tatu za Grammy usiku mmoja, zote za muziki wa klasiki, ilhali mtunzi wake ni mtu wa jazi? Albamu hiyo inaitwa Winter Morning Walks, na ilitoka mwaka 2013. Anayeimba ni Dawn Upshaw, soprano aliyejijengea jina katika jumba la opera la Metropolitan, New York. Aliyetunga na kuongoza ni Maria Schneider, mwanamke mwenye bendi yake kubwa ya jazi katika jiji hilohilo. Tuzo ya kwanza ilikuwa ya uimbaji, ya pili ya utunzi, na ya tatu ya mafundi wa kurekodi. Hiyo ya tatu isidharauliwe, kwa sababu kuweka sauti ya opera, fidla za okestra na besi ya jazi katika rekodi moja bila kimoja kumeza kingine ni kazi ngumu mno.

Je, wajua kwamba wanawake hawa wawili ni rika moja? Upshaw alizaliwa Julai 1960 huko Nashville, Tennessee. Schneider alizaliwa Novemba mwaka huohuo huko Windom, mji mdogo uliozungukwa na mashamba katika jimbo la Minnesota. Na mwaka 1960 ndio Miles Davis na mpangaji muziki Gil Evans walipotoa Sketches of Spain, albamu ya jazi iliyojengwa juu ya utunzi wa gitaa na okestra wa Mhispania Joaquín Rodrigo. Miaka 25 baadaye Schneider aliingia New York, na huyohuyo Gil Evans akamchukua awe msaidizi wake, hadi mzee huyo alipofariki mwaka 1988. Kwa hiyo Schneider aliposhika kalamu kuandikia okestra, alikuwa anaendeleza kazi aliyoiona mezani kwa mwalimu wake.

Je, wajua kwamba mwaka huohuo wa 1960 soprano mwingine wa Marekani, Eileen Farrell, alitoa albamu ya nyimbo za bluzi na za mapenzi? Mwaka mmoja kabla yake, kwenye tamasha la Spoleto nchini Italia, Louis Armstrong aliugua ghafla. Farrell, ambaye alikuwa huko kuimba Misa ya Wafu ya Verdi, akapanda jukwaani kuimba na bendi ya Armstrong. Watu wa kampuni ya rekodi waliposikia habari hiyo, wakamwita studio.

Je, wajua kwamba ndoa hii ya klasiki na jazi iliwahi kupewa jina rasmi? Mwaka 1957 Gunther Schuller, mpiga pembe wa okestra na mtunzi, aliiita mkondo wa tatu: si klasiki, si jazi, bali mto mwingine unaotokana na hiyo miwili. Schuller hakuwa akitazama jazi kwa mbali, kwani alishapiga pembe katika rekodi za Miles Davis. Hata hivyo kazi nyingi za mkondo huo zilisikika kama mtihani: hapa sehemu ya okestra, pale sehemu ya bendi, kila kundi likingoja zamu yake. Ndiyo maana naipenda sana Winter Morning Walks. Humo hakuna anayengoja zamu.

Je, wajua kwamba mwimbaji ndiye aliyeanza kumtafuta mtunzi? Upshaw alikuwa shabiki wa Schneider kabla hawajafanya kazi pamoja. Yeye ndiye aliyemwomba amwandikie, na Schneider, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiandikia matarumbeta na saksafoni zisizo na maneno, ikambidi aanze kutafuta mashairi.

Mashairi ya kwanza aliyachukua Brazil, nchi ambayo muziki wake ulikuwa umemkaa moyoni siku nyingi. Yalikuwa ya Carlos Drummond de Andrade, mzaliwa wa Itabira katika jimbo la Minas Gerais, aliyeishi kati ya 1902 na 1987, katika tafsiri ya Kiingereza ya mshairi Mark Strand. Okestra ya Saint Paul, Minnesota, ilizipiga nyimbo hizo kwa mara ya kwanza mwaka 2008. Ya kwanza kati yake haina neno hata moja: Upshaw anaimba irabu tupu, na sauti yake inakuwa ala miongoni mwa ala. Shairi la wimbo wa mwisho linasimulia mlolongo wa watu, kila mmoja akimpenda asiyempenda, hadi tunamfikia mwanamke asiyempenda yeyote. Huyo ndiye anayepata mume, tena mtu ambaye hakutajwa kabisa katika kisa.

Je, wajua kwamba nyimbo tisa zilizoipa albamu jina lake zilianzia kwenye kadi za posta?

Hapa inafaa tukae kidogo. Mwaka 1998 mshairi Ted Kooser wa Nebraska, ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi katika kampuni ya bima na kuandika mashairi kabla ya kwenda ofisini, aligundulika kuwa na saratani. Alipasuliwa, akapigwa mionzi, na madaktari wakamwonya aepuke jua kwa mwaka mzima kwa sababu ngozi yake ilikuwa imedhoofika. Basi akawa anatembea kabla ya mapambazuko, katika barabara za mashambani karibu na nyumbani kwake, kwenye baridi ya Novemba na kuendelea. Wakati wa matibabu alikuwa ameacha kuandika. Asubuhi moja baada ya matembezi akajaribu tena, na siku zilizofuata akawa anabandika mashairi mafupi juu ya kadi za posta na kumtumia rafiki yake, mwandishi Jim Harrison. Kila shairi lina tarehe juu yake na maneno machache kuhusu hali ya hewa ya asubuhi ile. Yalipofika mia moja yakawa kitabu, kilichochapishwa mwaka 2000.

Mashairi hayo hayalii wala hayamlaani mtu. Yanataja tochi mkononi, ndege kwenye chombo chao cha chakula, upepo uliovuma usiku kucha, mke anayetembea pembeni kwenye barabara ya baridi. Ugonjwa hautajwi sana, lakini msomaji anajua anayetazama ni mtu gani, na kwa nini anatazama kwa makini namna hiyo. Kooser alipona. Kuanzia 2004 hadi 2006 alikuwa mshairi wa taifa wa Marekani, na mwaka 2005 akapata tuzo ya Pulitzer kwa kitabu kingine.

Upshaw naye aligundulika kuwa na saratani ya matiti mwaka 2006. Alitibiwa, akarudi jukwaani. Sisemi kwamba lazima mwimbaji augue ili aimbe vizuri. Wazo hilo ni la kikatili na halina ukweli. Lakini unapomsikia akitamka maneno ya Kooser, polepole, bila kuyapamba, unasikia mtu asiyehitaji kuelezwa yanahusu nini.

Je, wajua namna mtunzi alivyoyagawa majukumu? Katika nyimbo hizo tisa okestra ni ya nyuzi tupu: fidla, viola, selo na besi za Australian Chamber Orchestra kutoka Sydney. Wapigaji hao wanapiga kilichoandikwa, noti kwa noti. Ndani yao wameketi wanajazi watatu wa Schneider: Frank Kimbrough kwenye piano, Jay Anderson kwenye besi na Scott Robinson kwenye klarineti za sauti nzito. Hao wameachiwa nafasi za kubuni papo hapo. Aliyewahi kumsikiliza mpiga ganuni akicheza taksimu kabla mwimbaji wa taarab hajafungua kinywa ataelewa haraka uhuru wa namna hiyo. Tofauti ni kwamba hapa anayebuni yumo katikati ya wimbo, chini ya sauti ya mwimbaji, na akizidisha noti mbili tu anaweza kulifunika neno.

Na mwimbaji je? Hili ndilo ninalotaka lieleweke. Upshaw habadili sauti ili afanane na waimbaji wa jazi. Hakwaruzi koo, hachelewi makusudi nyuma ya mdundo, hajaribu kumwiga Billie Holiday. Anabaki soprano aliyefundwa, mwenye sauti safi na matamshi yanayosikika herufi kwa herufi. Wanajazi nao hawajavaa suti ya kanisani. Daraja kati yao amelijenga mtunzi, kwa kuandika nyimbo zinazofuata mwendo wa maneno yanavyosemwa, na kwa kuwajua wapigaji wake kwa majina na tabia zao. Albamu nyingi za mchanganyiko huu hukwama pale ambapo mwimbaji wa opera anatamani kuwa mtu mwingine.

Je, wajua kwamba kipaza sauti ndicho kilichozitenganisha sana sauti za aina hizi mbili? Mwimbaji wa opera hufundishwa kuujaza kwa sauti yake ukumbi wa maelfu ya watu, juu ya okestra nzima, bila umeme. Kurekodi kwa umeme kulipoingia mwaka 1925, mwimbaji wa muziki wa kisasa aliweza kunong'ona na bado akasikika. Mitindo miwili ya koo ikaenda kila mmoja na njia yake. Studio ndiyo iliyomwezesha Upshaw kuimba chini kabisa, karibu na sauti ya mazungumzo, bila kushindana na nyuzi.

Je, wajua kwamba Upshaw alishawahi kushangaza soko la muziki? Mwaka 1992 ilitoka rekodi yake ya Simfonia ya Tatu ya Henryk Górecki wa Poland, akiwa na London Sinfonietta chini ya David Zinman. Ni muziki wa polepole na wa huzuni, na sehemu yake ya pili inatumia maneno ambayo msichana wa miaka 18 aliyachora kwenye ukuta wa mahabusu ya Gestapo. Rekodi hiyo iliuza zaidi ya nakala milioni moja na kupanda kwenye orodha za muziki wa pop Uingereza. Mwaka 2007 alipata tuzo ya MacArthur.

Je, wajua kwamba Schneider naye alishaweka historia ya kibiashara? Albamu yake Concert in the Garden ya 2004 ilikuwa ya kwanza kushinda Grammy bila kuuzwa katika duka lolote. Iliuzwa kupitia intaneti tu, chini ya mpango wa ArtistShare, ambapo shabiki hutoa pesa kabla na kufuatilia kazi inavyotengenezwa. Winter Morning Walks ilipita njia hiyohiyo. Fikiria gharama: okestra mbili, ile ya Sydney na ile ya Saint Paul, studio ya New York, mafundi, wanajazi. Mashabiki walilipa.

Je, wajua kwamba onyesho la kwanza la nyimbo hizi za baridi kali lilifanyika California, mwezi Juni, mahali pa wazi? Ilikuwa tamasha la Ojai la mwaka 2011, ambalo Upshaw alikuwa mkurugenzi wake wa muziki mwaka huo.

Je, wajua kwamba David Bowie naye alibisha hodi kwa Schneider? Walishirikiana katika wimbo Sue uliotoka 2014, na mwaka 2016 Schneider akapata Grammy kwa upangaji wake. Hivyo ameshinda tuzo katika jazi, katika klasiki na pamoja na nyota wa roki.

Na je, wajua kwamba wimbo mmoja kati ya zile tisa, Walking by Flashlight, umerekodiwa tena bila mwimbaji? Upo mwanzoni mwa albamu ya Schneider The Thompson Fields ya 2015, na mahali pa Upshaw pameshikwa na klarineti ya Scott Robinson, yuleyule aliyempigia kwenye albamu ya kwanza. Ukipata nafasi, anza na ule wenye maneno, kisha sikiliza wa klarineti. Utamsikia Robinson akivuta pumzi palepale alipovuta Upshaw.