Bei ya jana kwenye simu ya leo

Umeuza vitunguu upande wa Kenya, umerudi Namanga na shilingi za Kenya mkononi. Tovuti ya duka la kubadilishia fedha inaonyesha bei moja; karani dirishani anataja nyingine, ya chini, na anaapa tovuti yao imebadilishwa tangu asubuhi. Nani mwongo?

Pengine hakuna. Kivinjari cha simu huhifadhi nakala ya ukurasa ili kisiupakue upya kila mara, na bando lako lipone. Ufungue ukurasa huo kwenye dirisha la faragha. Bei ikibadilika, nakala kuukuu ilikuwa kwako: futa kumbukumbu ya kivinjari, basi.

Isipobadilika, tazama mbali zaidi. Tovuti nyingi huwa na seva ya mbele, mfano inayotumia Nginx, inayopokea wageni kwa niaba ya seva yenye bei zenyewe. Nayo yaweza kutunza nakala, kama dalali anayekutajia bei bila kurudi kumwuliza mwenye mali. Hapo hata ukifuta simu nzima hupati kitu. Mwambie karani amwite fundi wao, aizuie seva hiyo kutunza ukurasa wa bei. Picha na nembo ziachwe, hazimtii mtu hasara. Kwa leo, bei iulize dirishani kabla hujatoa noti.