Kijana aliyetengana na wazazi ana haki gani Uingereza?

Wengi wenye jamaa Uingereza hudhani kwamba kijana akihama kwao, serikali humlipa papo hapo. Sivyo. Ruzuku iitwayo Universal Credit, iliyoanza mwaka 2013, kwa kawaida hupewa aliyetimiza miaka 18. Mwenye miaka 16 au 17 sharti awe na sababu inayotambuliwa na sheria.

Mojawapo ni kukosa msaada wa wazazi, nayo ina milango mitatu. Ama hana mzazi wala mlezi. Ama hawezi kuishi nao kwa kuwa wamefarakana au atadhurika. Ama anaishi mbali, nao hawawezi kumkimu kwa sababu ya maradhi, kifungo au kuzuiwa kuingia nchini. Aliye chini ya uangalizi wa halmashauri hamo katika fungu hili.

Malezi ni amana. Mzazi, usimfukuze mwanao ukitumaini kwamba serikali itamlea. Nawe kijana uliye hatarini, kudai haki hiyo si kumvunjia mzazi heshima. Pasipo na hatari, wazee na watangulie kusuluhisha, kwani ruzuku hulisha tumbo, haiungi undugu.