Buti la Mlima Hufia Kwenye Soli

Anayenunua buti la mlima hutazama ngozi kwanza. Huipapasa, huikunja kwa vidole, huinusa, kisha huuliza bei. Hakosei kuanza hapo, ila ngozi nzuri ndiyo sehemu ya buti inayochelewa kufa. Kinachotangulia mara nyingi ni tabaka laini lililofichika kati ya ngozi na raba ya chini, na hilo muuzaji halitaji. Kwa wanaopanda Kilimanjaro, na zaidi kwa wapagazi wanaojinunulia mabuti ya mitumba Moshi na Arusha, tabaka hilo laweza kuamua kama mtu atashuka amevaa viatu au amevizungushia kamba visimwachie.

Ngozi yenyewe ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Upande uliokuwa na manyoya, nyuzi hizo ni nyembamba na zimesongamana. Chini yake zinanenepa na kusukana huku na huku, na huko ndiko nguvu iliko. Ngozi ya ng'ombe mkubwa hufika unene wa milimita 4 na zaidi, kwa hiyo kiwandani hupasuliwa matabaka. Tabaka la juu lenye uso wake halisi huzuia maji na kustahimili michubuko. La chini, ambalo mara nyingi hupakwa plastiki na kugongwa alama za vinyweleo ili lifanane na la juu, halina ule uso uliosongamana. Plastiki ikishapasuka penye mkunjo wa vidole, tope la msituni lina njia ya kuingia. Kwa mlima mimi hutafuta uso halisi wenye unene wa milimita 2.5 hadi 3. Tazama ukingo uliokatwa, kwenye ulimi au shingoni: ukiona utando wa plastiki uliolala juu ya nyuzi, umeshajua unachouziwa. Vinyweleo vinavyolingana mno buti zima navyo vitilie shaka.

Kolajeni mbichi huoza, na ikiwa imelowa hujikunyata kwa joto la nyuzi 60 hadi 65 hivi. Tanini za magome hushikamanisha nyuzi na kukipandisha kiwango hicho hadi 75 au 85. Miwati inayopandwa Njombe hulimwa kwa ajili ya magome yenye tanini hiyo. Chumvi za kromi, zilizoingia viwandani baada ya hataza ya Augustus Schultz huko Marekani mwaka 1884, hukifikisha karibu na 100. Ndiyo maana mabuti mengi ya mlima leo ni ya ngozi ya kromi. Hata hivyo chuma cha jiko la gesi kinazidi joto hilo kwa mbali, na gundi ya soli hulainika mapema kuliko ngozi kuharibika. Buti lililolowa lisianikwe kando ya jiko. Lijaze magazeti, yabadilishe yakishanyonya maji, uliache lipigwe na upepo.

Sasa soli. Mwaka 1935, Mwitaliano Vitale Bramani alipoteza wenzake 6 kwenye mlima wa Punta Rasica, baada ya hali ya hewa kuwabadilikia wakiwa na viatu visivyofaa kwa barafu na baridi ile. Alirudi akiwaza raba yenye meno marefu, akaipatia hataza mwaka 1937, na Waitaliano waliofika kilele cha K2 mwaka 1954 walikuwa na soli zake. Raba ya namna hiyo haina tatizo kubwa: huisha polepole, na kuisha kwake unakuona kwa macho.

Tatizo liko juu yake. Ili mguu usipigwe na mawe, viwanda vingi huweka katikati povu la poliyurethani. Ni povu zuri, jepesi, linalorudi katika umbo lake hatua baada ya hatua. Lakini aina inayotumika sana ina viungo vya kemikali ambavyo mvuke wa maji huvikata, kimoja kimoja. Kila kinapokatika huzaliwa asidi kidogo, na asidi hiyo huharakisha ukataji wa vinavyofuata. Joto na unyevu huchochea. Kwa hiyo buti lililokaa miaka kabatini bila kuvaliwa linaweza kuwa limekufa ilhali ngozi inang'aa. Lilikotoka Ulaya lilihifadhiwa ghalani, likasafiri baharini ndani ya kontena lenye joto, likapumzika Dar es Salaam yenye unyevu wake, ndipo likafika Moshi. Siku linapokanyaga mlima, povu linamomonyoka kama keki kavu na raba inabaki njiani.

Sokoni, basi, anza chini. Bonyeza ubavu wa soli ya kati kwa ukucha. Povu zima hurudi. Lililooza hubaki na alama, hunata au hutoa unga. Likunje buti kwa nguvu ukitafuta nyufa ndogondogo. Soma kitambulisho kilichoshonwa ndani ya ulimi, maana mengi huandikwa mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Buti la povu hilo lililopita miaka 10 mimi silinunui, hata kwa bei ya kutupa. Soli ya povu la EVA haiozi kwa njia hiyo, ila husinyaa na kupoteza mnepo.

Tazama pia soli inavyounganishwa na buti. Soli iliyoshonwa kwenye ukanda wa ngozi unaozunguka buti inaweza kufumuliwa na fundi na kuwekwa nyingine. Iliyogandishwa kwa gundi pekee ni ngumu zaidi kuibadilisha. Juu, mishono iwe michache, kwani kila mshono ni safu ya matundu, na changarawe za volkano za kuelekea Stella Point, karibu na kilele cha Kilimanjaro, hukwangua uzi haraka.

Uzito nao una gharama. Kilo iliyo mguuni humchosha mtu mara 4 hadi 6 ya kilo iliyo mgongoni. Mpagazi ambaye mzigo wake una kikomo cha kilo 20 hapaswi kuongezewa chuma miguuni. Buti la uzito wa kati linamtosha, kwa sababu njia za kawaida za Kilimanjaro hazidai buti gumu la kupandia barafu.

Lipime jioni, miguu ikiwa imevimba, ukiwa na soksi nene. Kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi kambi ya Mweka unashuka karibu mita 2,800 kwa siku moja, na njia nzima vidole vinasukumwa mbele. Simama kwenye mteremko, piga mguu chini: kidole kikubwa kikigusa ngozi, omba saizi inayofuata.