Kuzama, Kupiga Mbizi na Kuzamia: Istilahi za Likizo ya Chini ya Bahari katika Kisiwa cha Bonaire

Utangulizi

Katika kazi ya istilahi hutokea mara kwa mara kwamba ukosefu wa neno moja hugharimu zaidi ya uzuri wa sentensi. Makala haya yanakusudia kulieleza jambo hilo kwa mfano ambao huenda ukaonekana kuwa mbali na maisha ya wasomaji wetu wengi, yaani likizo ya kuzamia katika hoteli za ufukweni za Bahari ya Karibi.

Sababu ya kuuchagua mfano huu ni kwamba tuliletewa mezani kijitabu kilichotafsiriwa kwa Kiswahili ili tukikague. Kilikuwa kijitabu cha wakala mmoja wa safari, kilichokusudiwa wasemaji wa Kiswahili waishio Uholanzi na nchi jirani, ambao wangependa kwenda kisiwani Bonaire kwa mapumziko. Ukurasa wa kwanza uliwaahidi wasafiri hivi: "Wageni watazama mara mbili kila siku, asubuhi na alasiri."

Bila shaka msomaji amecheka, nasi tulicheka. Hata hivyo, kadiri tulivyoendelea kusoma ndivyo kicheko kilivyopungua, kwa sababu tulitambua kuwa mambo yaliyoelezwa humo ni mambo ya uhai na mauti.

Mahali penyewe

Bonaire ni kisiwa kidogo chenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 288, nacho kiko kilomita 80 hivi kaskazini ya pwani ya Venezuela. Tangu tarehe 10 Oktoba 2010 ni sehemu ya Uholanzi yenye utawala wake maalumu, na ndege huruka moja kwa moja kutoka Amsterdam. Wenyeji huzungumza Kipapiamentu, lugha iliyozaliwa na mchanganyiko wa Kireno, Kihispania, Kiholanzi na lugha za Afrika.

Upepo wa kisiwa hiki huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima. Mtafsiri wa kijitabu aliandika kwamba hoteli ziko "upande usiopigwa na upepo". Maelezo haya si makosa, lakini mabaharia wetu wana maneno mafupi zaidi: upande upepo utokako ni joshini, na upande upepo uendako ni demani. Hoteli zote kubwa za wazamiaji ziko upande wa demani, ambako maji hutulia na matumbawe huanza hatua chache tu kutoka ufukweni. Kupwa na kujaa kwa maji hakumsumbui mgeni. Kule tofauti ya maji makuu na maji madogo hupata sentimita 30 hivi, ambapo Unguja wakati wa bamvua hufikia mita 4.

Mgeni atazamie pia kukuta sheria nyingi. Uvuvi wa bunduki za chini ya maji ulipigwa marufuku mwaka 1971, kukata matumbawe mwaka 1975, na mwaka 1979 ilianzishwa hifadhi ya bahari inayokizunguka kisiwa chote. Meli haziruhusiwi kutupa nanga juu ya matumbawe, bali hufungwa kwenye maboya. Mzamiaji haruhusiwi kuvaa glovu, kwa maana mwenye glovu haogopi kushika. Kabla ya kuingia majini hulipa ada ya hifadhi, husikiliza maelezo ya taratibu, kisha huzamia mara moja karibu na hoteli ili aonekane kama ana uwezo. Baada ya hapo ndipo aweza kukodi pikapu, kupakia mitungi, na kwenda mwenyewe mahali popote palipowekwa jiwe la manjano lenye jina la sehemu ya kuzamia. Mwenye busara haachi kitu cha thamani garini.

Vitenzi vitatu

Sasa tuurudie ukurasa wa kwanza wa kijitabu. Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyokaribiana, na kila kimoja kina kazi yake.

Kuzama ni kwenda chini bila kutaka, kama mtumbwi uliotoboka. Kupiga mbizi ni kuingia chini ya maji kwa hiari huku pumzi imebanwa kifuani, kama wafanyavyo watoto wa pwani na wavuvi wa pweza. Kuzamia ni kwenda chini kwa ajili ya kitu fulani. Kiambishi cha kutendea ndicho kinachotenganisha ajali na kusudi. Kwa hiyo wageni "watazamia" mara mbili kila siku, "hawatazama".

Hata hivyo neno kuzamia nalo lina doa. Katika usemi wa miji yetu, mzamiaji ni mtu ajifichaye melini ili aingie nchi ya watu bila hati. Msafiri atakayemweleza jamaa yake kwamba amekwenda Karibi "kuzamia" aweza kuwatia hofu nyumbani. Ndiyo sababu tunapendekeza istilahi kamili iwe kuzamia kwa mtungi.

Yawezekana msomaji akauliza: kwa nini tusiseme tu kupiga mbizi, neno ambalo kila mtu analifahamu? Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Neno mbizi hubeba ndani yake kanuni ya kubana pumzi. Apigaye mbizi hubana pumzi, na ajuaye zaidi ndiye abanaye muda mrefu zaidi. Katika kuzamia kwa mtungi, kanuni ya kwanza ni kinyume chake: usibane pumzi kamwe.

Sababu yake ni ya kifizikia. Juu ya maji tunabeba kanieneo ya hewa peke yake. Tushukapo mita 10, kanieneo huwa mara mbili. Mtungi humpa mzamiaji hewa yenye kanieneo sawa na ya maji yaliyomzunguka, hivyo mapafu yake hujaa kama kawaida. Lakini akipanda kutoka mita 10 hadi juu huku amebana pumzi, hewa ile hutaka kuwa mara mbili ya ujazo wake, na mapafu hayana nafasi hiyo. Huweza kupasuka hata katika kina kidogo. Mpiga mbizi hodari wa Lamu au Mafia hapati hatari hii, kwa kuwa hewa aliyoshuka nayo ni ile ile atakayopanda nayo. Mtu huyo huyo akivishwa mtungi kisha akaambiwa "piga mbizi", lugha yenyewe imemfundisha kosa.

Vifaa

Vifaa vya kuzamia hukodishwa hotelini, na kila kimoja kina swali lake la istilahi.

Mtungi tumekwisha kuukubali kutokana na gesi ya kupikia. Kijitabu kiliuita "mtungi wa oksijeni". Hili ni kosa kubwa. Ndani yake mna hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, ambayo sehemu zake 21 katika 100 ni oksijeni na karibu zote zilizobaki ni nitrojeni. Oksijeni tupu huweza kumtia mtu kifafa akiwa ndani ya maji, hata katika kina cha mita chache.

Miwani ya waogeleaji hufunika macho peke yake, nayo haifai chini, maana mzamiaji hulazimika kupuliza pumzi kidogo kupitia puani ili kioo kisimkandamize usoni. Kwa hiyo tumekiita kifaa kinachofunika macho na pua barakoa ya kuzamia. Jaketi ambalo hutiwa hewa na kutolewa hewa tumeliita jaketi la kuelea, ili lisichanganywe na jaketi okozi. Hilo la pili humwelesha mtu tu, ambapo hili humwezesha kuelea juu, kushuka, na kutulia katikati bila kugusa matumbawe. Vipande vya risasi vinavyomsaidia kushuka hatukuvitafutia neno jipya. Mvuvi yeyote atajua kuwa hizo ni chubwi, na ukanda wake ni ukanda wa chubwi.

Lugha ya mikono

Chini ya maji hakuna usemi, na wazamiaji wana lugha ya ishara. Kila mmoja hupewa mwenzi, nao hawaachani. Mtu wa kwetu akitaka kusema "mambo safi" huinua dole gumba. Kwa wazamiaji wa dunia nzima dole gumba lililoinuliwa lina maana moja tu: "tupande juu sasa". Mwenye furaha ya kumwona kasa atakayeinua dole lake atashangaa kumwona mwenziwe akianza kupanda. Ishara ya "salama" ni kuunganisha ncha ya dole gumba na ya kidole cha shahada, kama duara.

Mgeni atazamie kuona mengi: kasa, mikunga, sifongo kubwa kama mapipa, na mabaki ya meli Hilma Hooker iliyozama tarehe 12 Septemba 1984 na kulala katika kina cha mita 30 hivi. (Hapo kitenzi kuzama ni sahihi.) Ataona pia samaki mwenye mistari na miiba yenye sumu, ambaye asili yake ni Bahari ya Hindi na Pasifiki. Huko ni mvamizi aliyeonekana mara ya kwanza Bonaire mwaka 2009, na wazamiaji wenye kibali humwinda ili asiwamalize samaki wadogo. Ataona na huzuni: mwaka 1999 mawimbi ya kimbunga Lenny yalivunja matumbawe ya kina kifupi, na mwaka 2023 uligunduliwa ugonjwa unaokula nyama ya matumbawe hai.

Kupanda na kuondoka

Kipima hewa huanza kwenye alama ya 200, na mzamiaji hupaswa kuwa juu kabla hakijashuka chini ya 50. Kupanda ni polepole, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, kisha hutua dakika 3 katika kina cha mita 5. Lengo lake ni kuipa muda nitrojeni iliyoyeyuka mwilini itoke taratibu. Ikitoka kwa haraka hufanya viputo katika damu na viungo, kama soda ifunguliwapo ghafula, na mgonjwa huhitaji kuingizwa katika chumba cha kanieneo. Maradhi haya tumeyaita maradhi ya viputo.

Kwa sababu hiyo hiyo, aliyezamia mara nyingi asipande ndege kabla ya saa 18 kupita. Siku ya mwisho ya likizo basi ni ya nchi kavu. Mgeni aweza kwenda kusini ya kisiwa akaone mashamba ya chumvi, na kando yake vibanda vidogo vya mawe walimolala watumwa wa Kiafrika waliochimba chumvi hiyo, hadi Uholanzi ilipokomesha utumwa katika makoloni hayo mwaka 1863. Msemaji wa Kiswahili hatahitaji mfasiri hapo.

Fomu ya afya

Tumeliacha jambo zito zaidi mwishoni. Kabla ya kuzamia, kila mgeni hujaza fomu ya afya. Huulizwa kuhusu pumu, moyo, kifafa, masikio, mimba na mengineyo. Akijibu "ndiyo" kwa baadhi ya maswali, hutakiwa kuleta cheti cha daktari. Tulipolinganisha fomu ya kijitabu na ile ya asili, tulikuta swali moja halimo. Tulimwuliza mtafsiri, kijana mwenye bidii na adabu, naye akajibu kwa ukweli: "Sikupata neno lake, nikaliruka."

Swali lenyewe lilihusu maradhi ambayo hewa huvuja kutoka pafuni na kujaa kifuani, hata pafu likasinyaa. Mtu aliyewahi kuugua hivyo huweza kufa akizamia kwa mtungi. Angesoma fomu ile, angejibu "hapana" katika kila mstari kwa moyo safi, angetia sahihi, na angeingia majini.

Hatukumlaumu kijana yule peke yake. Mtafsiri huruka pale ambapo sisi hatujajenga daraja. Lakini tulimkumbusha kwamba kukosa istilahi si kukosa lugha. Pasipo neno moja, yatumike maneno kumi: "Je, umewahi kuugua pafu likasinyaa kwa sababu hewa imevuja kifuani?" Sentensi hiyo haina fahari, lakini kila mtu anaielewa.

Mapendekezo

Tunawaomba wasomaji wazijadili istilahi zifuatazo:

Kuzamia kwa mtungi: kwenda chini ya maji huku mtu anapumua hewa iliyoshindiliwa.
Kupiga mbizi: kwenda chini ya maji kwa pumzi iliyobanwa, lisitumike badala ya hilo la juu.
Barakoa ya kuzamia: kifuniko cha macho na pua chenye kioo.
Jaketi la kuelea: jaketi la kutiwa na kutolewa hewa.
Chubwi: risasi ya kumsaidia mzamiaji kushuka.
Mwenzi: mzamiaji wa pili, asiyeachwa.
Maradhi ya viputo: maradhi yaletwayo na kupanda upesi.
Chumba cha kanieneo: chumba cha kutibia maradhi hayo.

Orodha hii si amri. Wavuvi na manahodha wa mwambao wana hazina kubwa kuliko ya makabati yetu, na huenda baadhi ya vitu hivi vimekwisha kupewa majina yao muda mrefu. Mwenye neno bora alilete kabla kijitabu hakijapigwa chapa.