Vita vya Tambuka: Historia na Utenzi

Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo bin Athumani mwaka 1728, wasimulia vita vikubwa baina ya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi. Historia yasema vingine. Heraclius, aliyetawala tangu mwaka 610 hata 641, aliwashinda Waajemi karibu na Ninawi mwaka 627. Lakini huko Tabuk, mwaka 630, majeshi hayakukutana, na Mtume alirejea Madina pasipo kupigana.

Basi vita hivyo vyatoka wapi? Kwanza, vyatoka Muta, mwaka 629, ambako Zaid, Jaafar na Abdallah waliuawa mmoja baada ya mwingine, hata Khalid bin Walid akaliokoa jeshi kwa kulirudisha nyuma. Kulipiza kisasi cha Jaafar ndiko kunakouanzisha utenzi. Pili, mwaka 636 jeshi la Rumi lilivunjwa kwenye mto Yarmuk, naye Heraclius akaiacha Shamu. Yaelekea masimulizi ya Kiarabu aliyoyarithi mtungaji yalikwisha kuyakusanya mambo ya miaka saba mahali pamoja.

Majina nayo yalibadilika njiani: Hiraql la Kiarabu lilitiwa irabu likawa Herekali, na Tabuk ikawa Tambuka. Kwa hiyo haifai mhariri kuirudisha Tambuka iwe Tabuk, wala mwanahistoria kuwahesabu askari kwa kufuata beti. Tabuk ni mahali katika ramani. Tambuka ni ya washairi.