Gari Linakula Maji, Chini Pakavu

Kidumu cha lita tano kilikuwa kimefungwa mkanda kwenye kiti cha abiria, kama mtu. Mwenye gari, mwalimu mstaafu wa hapa Ngara, alikifungua kwanza kidumu chake ndipo tukasalimiana. Kwa miezi minne hakuwa amesafiri bila hicho kidumu. Kila akienda Biharamulo mjini kupitia Nyakahura na Lusahunga, akifika anaongeza maji kwenye rejeta, kiasi cha nusu lita. Akirudi, nusu lita nyingine. Asubuhi anainama uvunguni mwa gari, anapapasa ardhi: pakavu.

“Fundi, haya maji yanakwenda wapi?”

“Tutayafuata, Mwalimu. Nipe mpaka jioni.”

Gari lenyewe ni Toyota Noah ya mwaka 1998, ile ambayo injini yake ya lita mbili iko chini ya viti vya mbele. Mpaka siku hiyo Mwalimu alikuwa amenunua rejeta, pampu ya maji na mipira miwili mikubwa, wa juu na wa chini. Kila kipuri kilifungwa kwa kukisia, na kila kilipofungwa maji yaliendelea kupungua. Fundi wa mwisho alimwambia gasketi ya hedi imekufa, hedi ivuliwe ipelekwe Mwanza ikachongwe. Mwalimu akapiga hesabu ya kiinua mgongo chake, akaona bora aulize kwa mtu mwingine kabla hajatoa hela.

Habari yake naiandika kwa sababu si yake peke yake. Magari mengi yanayotubeba katika wilaya hizi mbili, Ngara na Biharamulo, yamekwisha kuzeeka. Ni Noah, Probox, Hiace na Corolla zilizoundwa Japani miaka 20 au 25 iliyopita, na ndizo zinazowahisha wagonjwa hospitali ya Murgwanza na kupeleka mazao sokoni. Gari la umri huo likianza kula maji, mwenyewe huchanganyikiwa, na fundi asiyepima humchanganya zaidi. Mimi nashikilia jambo moja: maji yanayotoweka hayatafutwi kwa kubadilisha vipuri, yanatafutwa kwa presha.

Tuanze na hesabu ndogo ambayo humtuliza mtu. Tone moja la maji ni kama sehemu ya ishirini ya mililita. Likidondoka tone moja kila sekunde, kwa saa moja umepoteza mililita 180. Safari ya saa tatu, pamoja na kusimama hapa na pale, ni zaidi kidogo ya nusu lita. Basi ugonjwa wa gari la Mwalimu haukuwa bomba lililopasuka. Ulikuwa tone moja kwa sekunde, tena likiwa barabarani tu.

Kwa nini barabarani tu? Hapa ndipo wengi wanapopotea. Maji yaliyo ndani ya injini hayakai kama maji ya kwenye sufuria. Mfuniko wa rejeta una springi inayoyafungia, na juu yake pameandikwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha ambayo mfuniko utaistahimili kabla haujafungua njia ya kwenda kwenye kopo la akiba. Presha hiyo ina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani, na huku kwetu kazi yake ni kubwa zaidi. Ngara ni nchi ya milima. Ukiwa mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama kule pwani. Injini iliyopanda mlima na abiria saba hufika nyuzi 95 bila taabu. Bila mfuniko mzima, maji yangekuwa yanatokota wakati gari halina ugonjwa wowote. Mfuniko wa 0.9 ukifunga vizuri, kiwango cha kuchemka kinapanda hadi karibu nyuzi 115.

Ndiyo maana pia nawasihi watu wasifungue mfuniko wa gari lililochemsha. Maji yale yana moto wa kupita kiasi cha kuchemka, na kilichoyazuia yasiwe mvuke ni mfuniko wenyewe. Ukiuzungusha tu, yanaruka usoni yote kwa pamoja. Nimeona mkono wa kijana uliobabuka hivyo hadi kiwiko. Subiri hadi mpira wa juu ubonyee kwa vidole bila kukuunguza.

Sasa rudi kwenye uvujaji. Gari likitembea, presha inapanda, na tundu dogo kuliko ncha ya sindano linatema tone. Likizimwa na kupoa, presha inashuka, tundu linanyamaza. Na kama tone lenyewe linaangukia kitu cha moto, linakauka kabla halijagusa ardhi. Kwa hiyo mwenye gari anayechungulia uvunguni asubuhi anachungulia wakati ambao gari halivuji. Ardhi kavu haimwambii lolote.

Dawa yake ni kulifanya gari la baridi liamini kwamba liko safarini. Ipo pampu ya mkono ya kupimia rejeta, yenye saa ya presha, inayofungwa mahali pa mfuniko. Fundi asiye nayo anaweza kuiunda: mfuniko wa zamani, vali ya tairi iliyochomelewa katikati, na pampu ya baiskeli, kitu ambacho hakikosekani Ngara. Lakini awe na saa ya kusomea presha, na asivuke namba iliyoandikwa kwenye mfuniko wa gari hilo. Tangi za plastiki za rejeta kuukuu hupasuka kama yai ukizipampu kwa hasira.

Nilijaza maji hadi mdomoni, injini ikiwa baridi, nikapampu hadi 0.9, nikamwomba Mwalimu aangalie saa yake ya mkono. Baada ya dakika kumi mshale ulikuwa kwenye 0.7. Hakuna tone lililoonekana. Kwanza nilipaka povu la sabuni kwenye maungio ya kifaa changu chenyewe, maana kifaa kinachovuja kimewaponza wengi. Hakikutoa kiputo. Basi presha ilikuwa inapotelea ndani ya gari.

Wakati huo mafundi wengi huanza kuchungulia kila kona kwa tochi. Mimi napenda kuligawa gari vipande. Nilichukua koleo mbili za kubana, nikazivisha vipande vya tyubu ya baiskeli zisiumize mpira, nikabana mipira ya hita ya mbele. Nikapampu. Mshale ukashuka vilevile. Nikaiachia, nikabana mipira miwili inayokwenda kwenye hita ya nyuma. Nikapampu. Mshale ukasimama kwenye 0.9. Dakika kumi, umesimama. Dakika ishirini, umesimama. Rejeta, pampu, mipira mikubwa na gasketi ya hedi vyote vilikuwa upande ule wa koleo ambao presha haikushuka.

Mwalimu aliinama, akautazama mshale ule muda mrefu bila kusema neno.

Noah nyingi za miaka hiyo zina hita ya pili kwa ajili ya abiria wa nyuma, kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaoishi na theluji. Maji ya moto ya injini husafirishwa hadi huko kwa mabomba mawili ya chuma yanayopita chini ya sakafu. Mmiliki wa Ngara au Biharamulo anaweza kulimiliki gari miaka kumi bila kujua kwamba mabomba hayo yapo, na fundi anayefungua boneti peke yake hawezi kuyaona.

Nililala chini ya gari nikiwa na tochi. Palipo na klipu inayoshikilia bomba kwenye bodi, tope letu jekundu lilikuwa limejikusanya na kugandamana. Nililikwangua kwa bisibisi. Chini yake kulikuwa na ukoko mweupe wenye wekundu kwa mbali, kama chumvi iliyokaukia sahani: mabaki ya kulanti ya zamani. Niliachia koleo, kijana wangu akapampu. Tone likajitokeza pembeni mwa klipu, dogo kama punje ya ulezi, likakua, likatambaa kwenye bomba kiasi cha shubiri moja, likadondokea juu ya kopo la ekzosi. Siku ya safari kopo hilo lina moto wa kukausha tone kwa sekunde. Hapo ndipo nusu lita ya Mwalimu ilikuwa inaishia.

Kutu ile ilikuwa na wazazi wawili. Katika mikoa ya theluji ya Japani, kama Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na gari lililoishi huko huja na chumvi imejificha kwenye klipu na maungio ya uvunguni. Huku kwetu tope linaiwekea unyevu, na kutu inaendelea na kazi iliyoanza ng’ambo. Mzazi wa pili yuko ndani ya bomba, naye tunamlea wenyewe: maji matupu. Kulanti si rangi ya mapambo. Ina dawa zinazozuia kutu, na bila hizo chuma na aluminiamu za injini huliwa pole pole kwa ndani. Anayejaza maji ya mtoni mwaka baada ya mwaka anaokoa bei ya galoni moja na kulipa kwa mabomba.

Kabla sijamrudishia Mwalimu gari, sikutaka kuiacha ile habari ya hedi ikining’inia. Injini ilipopata moto nilipima hewa ya mdomoni mwa rejeta kwa ile dawa ya buluu, ambayo hugeuka njano ikikutana na moshi wa injini. Ilibaki buluu. Nilichomoa plagi zote nne. Silinda inayokunywa maji huacha plagi yake ikiwa safi mno, kama iliyooshwa kwa mvuke, huku nyingine zikiwa na rangi ya kahawia. Hizi zote zilifanana. Oili haikuwa na weupe wa chai ya maziwa. Hedi ilikuwa nzima, na kama ingevuliwa, ingerudishwa na maji yangeendelea kupungua.

Si kila gari litakuwa na ugonjwa huu. Pampu ya maji ina tundu dogo la kupumulia, sili ikichoka maji hutokea hapo na kuacha mchirizi. Hita ya mbele ikitoboka, zulia la miguuni hulowa na vioo hufunga ukungu wenye harufu tamu. Mipira iliyokakamaa huvuja gari likiwa baridi na kuziba likipata moto, kinyume kabisa na gari la Mwalimu, kwa hiyo pima katika hali zote mbili. Na mfuniko wenyewe upimwe. Nimekuta magari makuukuu yamewekewa mfuniko wa 1.1 mahali pa 0.9 eti ndio mgumu. Kinachofuata ni kupasuka kwa sehemu iliyokuwa imebakiza nguvu kidogo.

Nina ugomvi pia na ile tabia ya kuitoa themostati na kuitupa, kwa hoja kwamba Afrika kuna joto. Injini isiyo na themostati hutembea baridi mteremko mzima, hula mafuta zaidi na huchakaa mapema. Na unga wa kuziba rejeta hauchagui tundu: huziba palipotoboka na njia nyembamba zilizo wazi. Naukubali kwa mtu aliyekwama pasipo na msaada, siyo kama matengenezo. Wakubwa wanaikumbuka miaka ambayo mabasi yalilivuka pori la Biharamulo yakisindikizwa na polisi wenye silaha. Gari likichemsha humo, hakuna aliyeuliza dawa gani ni sahihi. Sehemu kubwa ya pori hilo tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na bado si mahali pa kukaa ukisubiri injini ipoe. Ukiona mshale wa joto unapanda na mlima haujaisha, zima kiyoyozi, washa hita ya mbele hadi mwisho na feni yake yote, fungua madirisha. Hita ni rejeta ndogo. Itakupa nafasi ya kufika palipo na watu.

Matengenezo ya Noah yalichukua dakika arobaini. Nilichomoa mipira ya hita ya nyuma pale inapoanzia kwenye injini, nikaunganisha njia mbili hizo kwa kipande kimoja cha mpira wa maji ya moto, klampu mbili, nikajaza kulanti na kutoa hewa. Asubuhi za Juni na Julai hapa Ngara zina baridi, lakini abiria wa nyuma watajifunika shuka. Kwenye kopo la akiba nilichora mstari kwa kalamu ya wino mzito, nikaandika tarehe.

Wiki tatu baadaye Mwalimu alipita, amekwenda Biharamulo mara nne. Maji yalikuwa kwenye mstari. Nilipampu tena hadi 0.9, tukanywa chai, mshale haukusogea. Kidumu bado anacho kwenye gari, kwa sababu nilimwomba asikitoe: mipira mingine midogo yote ya injini ile ina umri sawa na yale mabomba, na tumekubaliana kuibadilisha mmoja mmoja kabla ya masika.