Mizani Kabla ya Kalamu: Ombi la Ruzuku katika Ukanda wa Dhahabu

Katika mialo ya Nyarugusu na Rwamagasa mkoani Geita, na katika machimbo ya Mwakitolyo mkoani Shinyanga, kazi ya siku aghalabu huishia penye moto mdogo. Mawe yamekwisha kusagwa kwa karasha, mchanga umekwisha kuoshwa na kuchanganywa na zebaki, na donge jeupe lililokamuliwa kwa kitambaa huwekwa juu ya makaa. Baada ya dakika chache weupe hutoweka, dhahabu hubaki. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, ilhali dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi 1,064. Ndiyo maana moto wa mkaa huweza kuzitenganisha metali hizo pasipo taabu. Lakini zebaki haikuangamia. Imekuwa mvuke usioonekana wala kunuka, na takriban asilimia 80 ya mvuke huo, ukivutwa, hufyonzwa na mapafu na kuingia katika damu. Unaosalia hurudi ardhini na majini, ambako bakteria waweza kuugeuza kuwa methili-zebaki, sumu inayojilimbikiza katika samaki. Sumu ya aina hiyo, iliyotoka kiwandani, ndiyo iliyowadhuru wakazi wa Minamata, nchini Japani, ambako maradhi yake yalitambuliwa mwaka 1956.

Kinga ya kiufundi dhidi ya moshi huo yajulikana tangu zamani. Ni chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba linaloupoza mvuke na kuirudisha zebaki katika hali ya kimiminika. Wachimbaji hukiita kigida. Kikitengenezwa vema, huweza kunasa zaidi ya asilimia 90 ya zebaki iliyomo katika donge.

Basi na ichukuliwe kwamba vijana watano waliohitimu shule ya ufundi mjini Kahama wanataka kuanzisha biashara ya kutengeneza vigida. Mikono na maarifa wanavyo, mtaji hawana. Wanaamua kuomba ruzuku. Mfano huu ni wa kubuni, na bei zilizomo ni za kufundishia tu, lakini maswali watakayokabiliana nayo ni yale yale anayokutana nayo kila mwombaji.

Kwanza yafaa ifahamike wanaomba nini. Mkopo hurejeshwa. Mikopo ya halmashauri, kwa mfano, ambayo hutengewa asilimia 10 ya mapato ya ndani (asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu), ni mikopo hata kama haina riba. Ruzuku hairejeshwi, lakini si zawadi. Anayeitoa ananunua badiliko fulani, na atataka kuoneshwa kwamba badiliko hilo limetokea. Wengi hulisahau jambo hili. Mwaka 2014 na 2015 Wizara ya Nishati na Madini iligawa ruzuku kwa wachimbaji wadogo, kwa fedha za mradi wa SMMRP uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Baadaye serikali yenyewe ilieleza hadharani kwamba baadhi ya waliopewa hawakuzitumia fedha hizo kwa yale waliyoyaombea. Tangu hapo msomaji wa maombi ana sababu ya kuwa na shaka, na mwombaji mwaminifu hurithi shaka hiyo bila kosa lake.

Shaka huondolewa kwa kipimo. Maombi mengi hufunguliwa kwa maneno kama "uchafuzi wa zebaki ni tatizo kubwa sana katika jamii yetu." Sentensi hiyo ni ya kweli, na haina kazi yoyote: yaweza kuandikwa na mtu ambaye hajapata kufika Geita. Vijana wa Kahama wanahitaji mizani ya gramu, kama ile ya maabara ya shule, na ridhaa ya wenye mialo. Donge hupimwa kabla halijachomwa. Dhahabu hupimwa baadaye. Tofauti ni zebaki iliyopaa. (Wapimaji hawana sababu ya kuwapo wakati wa kuchoma. Wapime, waondoke, na warudi moto ukiwa umepoa na moshi umetawanyika. Mwanafunzi hapaswi kamwe kuchoma donge kwa ajili ya jaribio.)

Tuseme wamepima madonge 30 katika mialo mitatu, wakapata wastani wa gramu 4 za zebaki kwa kila donge, ndogo kabisa ikiwa gramu 1 na kubwa gramu 11. Sasa wana neno la kusema. Hali kadhalika wana kianzio: baada ya mwaka mmoja waweza kupima tena na kuonesha kilichobadilika. Mkoa wa Shinyanga una ushahidi mkubwa wa faida ya kianzio. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa takriban hekta 600. Ulipofungwa mwaka 2004, makadirio yalipita hekta 300,000. Bila ile namba ya kwanza, ya pili isingekuwa na maana.

Kipimo hufanya na kazi nyingine, ambayo waombaji hawaitarajii: huisahihisha biashara yenyewe. Vijana walikuwa wamekusudia kumwuzia kigida kila kikundi cha wachimbaji kwa shilingi 90,000. Kigida kikinasa asilimia 95 ya zile gramu 4, ni gramu 3.8. Gramu moja ya zebaki ikihesabiwa shilingi 300, kila uchomaji huokoa shilingi 1,140. Kikundi kinachochoma mara moja kwa juma kitahitaji uchomaji 79, yaani mwaka mmoja na nusu, ili kirudishe fedha yake. Hakuna mchimbaji atakayengoja hivyo. Lakini mwenye mwalo ambako madonge manane huchomwa kila siku atairudisha kwa siku kumi. Mnunuzi, basi, si mchimbaji, ni mwenye mwalo. Ugunduzi huo haukutoka katika ufasaha wa kuandika. Ulitoka katika kugawanya.

Hata hivyo hesabu haijakwisha. Kigida kimoja hugharimu shilingi 60,000 kukitengeneza, na karakana yahitaji shilingi 600,000 kila mwezi kwa kodi, umeme na ujira. Kwa faida ya shilingi 30,000 kwa kila kigida, lazima viuzwe 20 kila mwezi. Je, mialo iliyo karibu ni mingapi? Ikiwa ni 100, katika miezi mitano kila mmoja utakuwa na chake, na chuma hakiozi upesi. Mwezi wa sita karakana itafungwa. Neno "endelevu" hupambwa katika kila ombi siku hizi, na mara nyingi maana yake ni kwamba mwandishi anapenda miti. Kwa anayetoa ruzuku, maana ya kwanza ni hii: fedha yake itakapokwisha, nani atalipa?

Njia mojawapo ni kukodisha badala ya kuuza. Vigida 100 vikikodishwa kwa shilingi 10,000 kila kimoja kwa mwezi, pamoja na matengenezo, huleta shilingi 1,000,000. Gharama ya karakana hufikiwa vikifika 60. Kinachokosekana ni shilingi 6,000,000 za kutengeneza vigida vyote vya mwanzo, ambazo hakuna benki itakayowapa vijana wasio na dhamana. Hapo ndipo ruzuku inapopata mahali pake halali, na bajeti nayo hujiandika: chuma, vifaa vya kuchomelea, usafiri wa kufunga na kukagua, vipimo vya kabla na baada. Gari la ofisi halimo.

Swali gumu kuliko yote limebaki, nalo ndilo huamua maombi mengi: mbona jambo hili halijafanyika? Kwa kweli limejaribiwa. Rwamagasa ilikuwa mojawapo ya mahali pa Mradi wa Zebaki Duniani wa UNIDO, ulioanza mwaka 2002 katika nchi sita, Tanzania ikiwamo, na vigida viliwahi kuoneshwa na kugawiwa katika machimbo ya nchi nyingi. Vingi viliachwa. Sababu zake zajulikana: kigida huchukua muda mrefu kuliko moto wa wazi, mchimbaji haioni dhahabu yake ikiwa ndani, naye huogopa kuibiwa, mara nyingine dhahabu hutoka ikiwa na rangi ya kahawia, na mnunuzi huipunguzia bei. Ombi lisilotaja sababu hizi humwambia msomaji kwamba mwandishi wake hakuwauliza wachimbaji. Ombi zuri huzikabili moja baada ya nyingine. Labda kigida kitakuwa na kufuli mbili, ufunguo mmoja ukiwa kwa mwenye dhahabu. Labda mwenye mwalo atawapokea wanaokitumia kwa ada ndogo zaidi, kwa kuwa zebaki inayonaswa hubaki kwake. Hayo nayo yajaribiwe katika mwalo mmoja kabla ya kuandikwa, hata kwa majuma mawili na kigida kimoja.

Ungamo moja lafaa kuwekwa wazi ndani ya ombi. Kigida hunasa zebaki ya kwenye donge tu. Ile inayopotea katika marudio wakati wa kuosha haiguswi, na kiasi chake chaweza kuwa kikubwa. Vijana wakidai kwamba wataikomesha zebaki Geita, mtaalamu wa kwanza atakayelisoma ombi atalitupa. Wakisema kwamba watapunguza uchomaji wa wazi katika mialo 100, watakuwa wamesema jambo linalopimika, tena linalolingana na wajibu wa nchi: Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unautaja uchomaji wa wazi wa donge miongoni mwa mambo ambayo mpango wa taifa lazima uweke hatua za kuyaondoa.

Yaliyosalia ni ya kawaida: usajili wa biashara BRELA, akaunti ya benki, majina ya wenye kuidhinisha malipo, na ratiba. Haya hayalipi ombi ushindi, lakini kukosekana kwa moja huliondoa mezani kabla halijasomwa. Kwa mwalimu anayetaka kulitumia somo hili darasani, mchanga na chumvi vyatosha kuchukua nafasi ya dhahabu na zebaki: mchanganyiko hupimwa, chumvi huyeyushwa kwa maji na kumwagwa, mchanga hukaushwa na kupimwa tena, na wanafunzi huandika ukurasa mmoja wa kuomba fedha za kuiokoa chumvi iliyopotea, wakianza na namba walizozipata.